KIA hadi Guangzhou: umbali, saa za angani na maswali mengine ya wasafiri wa Arusha na Moshi

Maonyesho ya biashara ya Canton hufanyika Guangzhou, China, mara mbili kwa mwaka, kuanzia katikati ya Aprili na tena katikati ya Oktoba, na yamekuwapo tangu 1957. Kwa hiyo kila ikifika Machi na Septemba, maswali kwenye kaunta yetu ya tiketi huwa ni yaleyale. Wengi wanakuja wakiwa wameshaangalia kwenye simu: namba moja ya kilomita, namba nyingine ya saa. Namba hizo ni za kweli, ila hazikwambii utoke nyumbani lini wala utalala wapi. Hapa tumejibu yote mawili.

Kutoka Arusha hadi Guangzhou ni kilomita ngapi?

Ukipima kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro (KIA) hadi uwanja wa Baiyun wa Guangzhou, kwa mstari mfupi kuliko yote juu ya mgongo wa dunia, ni kama kilomita 8,760. Barabara ya Arusha hadi Dar ni kilomita 640 hivi, kwa hiyo ni sawa na kwenda Dar na kurudi karibu mara saba.

Na kutoka Moshi?

Ni hizohizo. KIA iko wilaya ya Hai, katikati ya miji hii miwili, na wote tunapandia hapo.

Mbona simu inasema saa 10, tovuti nyingine saa 11, na tiketi yangu inasema saa 17?

Kwa sababu kila moja inajibu swali lake. Tovuti za umbali huchukua kilomita, zikagawa kwa mwendo wa ndege kubwa, ambao ni kama kilomita 900 kwa saa ikiwa juu, kisha zikaongeza nusu saa hivi ya kupanda na kushuka. Kilomita 8,760 kwa hesabu hiyo ni saa 10 na kitu. Hiyo ni ndege ambayo haipo: inayoruka KIA na kutua Guangzhou bila kugusa popote. Tiketi yako inahesabu ndege iliyopo, pamoja na muda utakaokaa kwenye kiti cha uwanja wa watu ukisubiri nyingine.

Ukilinganisha safari, achana na ile namba ya saa 10. Kwa njia zisizozunguka sana, saa za angani hazitofautiani sana kati ya shirika na shirika. Kinachotofautiana ni saa za kusubiri: zinaweza kuwa mbili, zinaweza kuwa kumi na tisa, na tiketi ya bei ya kutupa mara nyingi ndiyo yenye zile kumi na tisa.

Kwa hiyo hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka KIA?

Hakuna. Uwanja wenyewe hauna shida, kwani njia yake ya kurukia ina urefu wa kama mita 3,600 na ndege kubwa za kutoka Ulaya zinatua pale. Kinachokosekana ni abiria wa kujaza ndege nzima ya China kutoka kanda yetu wiki baada ya wiki.

Basi nipitie wapi? Njia ipi ni fupi?

Kwa kilomita, iliyo fupi zaidi ni ya Dar es Salaam: KIA hadi Dar ni kama kilomita 450 angani, na Dar hadi Guangzhou ni 8,710, jumla 9,160. Inafuata ya Addis Ababa. KIA hadi Addis ni 1,390, Addis hadi Guangzhou ni 8,040, jumla 9,430. Doha haiko mbali na hapo, kama 9,750 kwa jumla. Ukipitia Istanbul unafika karibu 12,900.

Halafu kuna wanaoonyeshwa tiketi ya kupitia Amsterdam kwa sababu mtambo wa kutafuta tiketi umeona ni nafuu. KIA hadi Amsterdam ni kilomita 6,900, na kutoka pale hadi Guangzhou ni zaidi ya 9,100. Jumla ni kama 16,000: unakaribia kuzidisha safari mara mbili, unapanda kaskazini hadi kwenye baridi, kisha unaanza upya kuelekea mashariki. Kwa mtu anayekwenda Ulaya ni njia nzuri sana. Kwa mtu wa China sioni sababu, labda awe na ndugu wa kumwona njiani.

Wateja wetu wengi huishia kupitia Addis. Sababu si mapenzi ya shirika fulani. Addis iko karibu kaskazini mwetu moja kwa moja, kwa hiyo kipande cha kwanza ni kifupi, saa mbili na dakika ishirini hivi, na kile kirefu unakifanya usiku ukiwa umelala. Doha inagawa safari tofauti: saa tano na zaidi kwanza, kisha saba na nusu hivi. Kuna watu wanaopenda mgawo huo kwa sababu hakuna kipande kinachofika saa kumi. Mwenye matatizo ya mgongo aufikirie.

Air Tanzania si inakwenda Guangzhou?

Ndiyo, kutoka Dar, kwa Boeing 787-8. Ndiyo njia fupi kwa kilomita, na unasafiri na watu unaoongea nao lugha moja tangu mlangoni. Lakini haiondoki kila siku, kwa hiyo angalia kwanza siku zake zinavyolingana na siku zako, halafu angalia ndege ya kukutoa KIA inafika Dar saa ngapi. Ukifika Dar asubuhi na ndege ya China ni ya usiku, ule ufupi wa kilomita umeumalizia kwenye foleni ya Barabara ya Nyerere.

Kupitia Nairobi je? Nasikia ni rahisi.

Nairobi ina ndege za moja kwa moja kwenda Guangzhou, na umbali wake ni kama kilomita 8,680. Shida ni kufika huko. Arusha hadi Nairobi kwa barabara ni kilomita 270 na ushee, na kwa basi dogo la abiria, pamoja na kugonga pasi ya kutoka na ya kuingia pale Namanga, tenga saa tano hadi sita. Foleni ikikukamata kuanzia Kitengela, ongeza. Kwa mtu wa Longido au Namanga yenyewe, naelewa. Kwa mtu wa Moshi, saa alizookoa angani atazitoa barabarani, tena akiwa na mabegi.

Tiketi inaonyesha natoka KIA 17:00 na nafika Guangzhou 14:30 +1. Nitakaa njiani saa ngapi?

Tuanze na ile +1 ndogo iliyokaa pembeni ya saa. Maana yake ni kwamba unafika kesho yake. Watu wengi hawaioni, na nimeshashuhudia mtu akimwahidi mteja wake wa Guangzhou kuonana naye siku ambayo yeye mwenyewe atakuwa bado KIA.

Sasa hesabu. Saa zote kwenye tiketi ni za mahali husika: ya kutoka ni ya Tanzania, ya kufika ni ya China. Kwa hiyo huwezi kutoa moja kwenye nyingine ukapata muda wa safari. Badili kwanza ya kufika iwe ya kwetu kwa kupunguza saa 5: 14:30 ya Guangzhou ni 9:30 asubuhi ya Tanzania. Kutoka 17:00 leo hadi 9:30 kesho ni saa 16 na nusu. Zinagawanyika hivi: KIA hadi Addis saa mbili na nusu, kusubiri Addis saa nne, Addis hadi Guangzhou saa kumi.

(Saa hizi ni za mfano tu wa kupigia hesabu. Ratiba hubadilika kila msimu, soma ya tiketi yako.)

Ongeza na zile ambazo tiketi haizijui. Ndege ya 17:00 inataka uwe KIA saa nane mchana, kwa hiyo mtu wa Moshi anatoka nyumbani kwenye saa saba. Ukishatua Guangzhou, foleni ya uhamiaji, mabegi na usafiri wa kuingia mjini ni saa mbili hadi tatu. Mlango wa Moshi hadi mlango wa hoteli, weka saa 23. Hiyo ndiyo namba ya kumwambia mwenzio anayekusubiri.

17:00 ni saa ngapi kwetu?

Saa kumi na moja jioni. Kanuni ni ya kupunguza sita: 17 toa 6 ni 11. Jibu likizidi 12, toa 12 tena: 21:00 ni saa tatu usiku. Kwa saa za baada ya usiku wa manane ambazo ni ndogo kuliko sita, ongeza sita: 02:40 ni saa nane na dakika arobaini usiku.

Tiketi ya mtindo wa saa 24 haina hatari kubwa, kwa sababu ukiona 17:00 unajua lazima upige hesabu. Tiketi hatari ni ile iliyokatwa kwenye tovuti inayoandika 5:00 PM. Jicho la Mswahili linaona tano, na PM linaisoma kama usiku, kwa hiyo mtu anafika KIA saa tatu usiku, amepangusa viatu, amesindikizwa na familia nzima kwenye Noah, na ndege yake imeshatua Addis. Hili si jambo la ushamba. Wamekwama hivi walimu, wafanyabiashara wa zamani na hata watu wa kada ya afya ambao kazini wanaandika saa 24 kila siku. Tukikata tiketi sisi, tunaandika saa ya Kiswahili kwa kalamu juu ya karatasi. Ukikata mwenyewe kwenye simu, mpe mtu mwingine nyumbani aisome kabla ya siku ya safari.

Guangzhou wako mbele yetu kwa saa ngapi, na je, inabadilika?

Saa 5, mwaka mzima. China yote, kwa ukubwa wake, inatumia saa moja ya Beijing, na haisogezi saa majira ya joto. Walijaribu kuanzia 1986 hadi 1991 wakaacha. Ndugu zako walioko Ulaya au Marekani wanaokwambia tofauti imebadilika mwezi Machi na mwishoni mwa mwaka wanasema kweli, ila ya kwao hiyo.

Kuna mkato mzuri ambao wafanyabiashara wa siku nyingi wanautumia. Ukiwa Guangzhou na unataka kujua nyumbani ni saa ngapi kwa Kiswahili, tazama saa ya kule, ongeza moja. Basi. Saa ya ukutani ikionyesha 9 asubuhi, nyumbani ni saa kumi, alfajiri. Ikionyesha 3 mchana, nyumbani ni saa nne asubuhi. Ikionyesha 9 usiku, nyumbani ni saa kumi jioni. Inafanya kazi kwa sababu unatoa tano kupata saa yetu, kisha sita kupata ya Kiswahili, jumla kumi na moja, na kwenye saa ya namba 12 kutoa kumi na moja ni sawa na kuongeza moja. Cha kukumbuka ni kwamba namba tu ndiyo inayokupa. Kama ni alfajiri au jioni uitambue mwenyewe, usije ukamwamsha mama saa kumi ya usiku ukidhani anapika chakula cha jioni.

Tiketi ya kurudi inasema tarehe 15 saa 00:30. Niende uwanjani lini?

Tarehe 14, jioni. Saa 00:30 ni saa sita na nusu usiku, nusu saa tu baada ya tarehe kubadilika. Ni usiku wa kuamkia tarehe 15. Anayejiandaa tarehe 15 jioni amechelewa kwa karibu siku nzima, na chumba cha hoteli cha usiku huo amelipia bure.

Faida ya ndege ya namna hiyo ni kwamba unarudishiwa zile saa tano. Ukiruka 00:30 na ukakaa angani saa kumi na moja na nusu, unatua Addis saa moja asubuhi ya kwetu, na ukiunganisha vizuri unakuwa KIA mchana wa siku hiyohiyo. Saa tisa unakula ugali nyumbani, ingawa mwili unaapa ni usiku.

Kwa nini kurudi kunachukua muda mrefu kuliko kwenda?

Upepo. Juu kule ndege inapopita, kilomita 10 hadi 12 kutoka ardhini, juu ya bara la Asia kuna mkondo wa upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kwenda mashariki. Kwenda unakusukuma mgongoni. Kurudi unakupiga usoni. Unakuwa mkali zaidi kipindi cha baridi ya huko, Desemba hadi Machi, na tofauti kati ya kwenda na kurudi inaweza kupita saa moja. Safari ya Oktoba tofauti yake huwa ndogo kidogo.

Ndege inapita juu ya nchi gani?

Kutoka Addis kwa kawaida hutokea upande wa Ghuba ya Aden, ikavuka Bahari ya Arabuni, ikaingia India, kisha Myanmar na kusini mwa China. Kutoka Dar inakaa baharini muda mrefu zaidi, Bahari ya Hindi yote, hadi karibu na ncha ya kusini ya India. Himalaya huioni, hata ukikaa dirishani upande wa kushoto. Njia iko kusini yake.

Watu pia huuliza kwa nini ramani kwenye kiti inaonyesha ndege ikienda kwa upinde badala ya kunyooka. Ndege imenyooka. Dunia ni mviringo na ramani imetandazwa, kwa hiyo njia fupi kwenye mviringo inaonekana imepinda kwenye karatasi.

Kusubiri Addis, saa ngapi zinatosha? Nahitaji viza ya Ethiopia?

Usipotoka nje ya uwanja wa Bole, huhitaji viza ya Ethiopia. Kuhusu muda, tunapendelea saa mbili na nusu hadi nne. Chini ya saa moja na nusu unaanza kukimbia: kuna ukaguzi tena wa mizigo ya mkononi, na usiku ndege nyingi za Asia na Ulaya huondoka kwa kukaribiana, kwa hiyo foleni ni ndefu. Vaa viatu vya kuvulika upesi. Beba pia sweta. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na mtu wa Moshi mjini ataisikia baridi ya usiku pale hata ndani ya jengo.

Kama ni kusubiri kwa saa nyingi, tuulize kabla ya kulipa kama shirika linatoa hoteli. Mara nyingi hutoa pale ambapo ratiba yao ndiyo iliyokulazimisha kulala. Ukichagua mwenyewe ndege ya kesho yake ili kuokoa fedha, hutapata.

Halafu kuna kadi ya njano. Ethiopia imo kwenye orodha ya nchi zenye hatari ya homa ya manjano, na ukikaa uwanjani pale zaidi ya saa 12 wakati wa kurudi, Tanzania inaweza kukudai kadi ukishuka KIA. Chanjo hupigwa angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu Julai 2016 kadi moja ni ya maisha. Uliyechanjwa zamani na kadi yako imeandikwa kuisha, bado ni halali.

Nikikosa ndege ya kuunganisha?

Kama safari yote iko kwenye tiketi moja, ni kazi ya shirika kukupandisha inayofuata. Kama ulinunua kipande cha KIA kivyake na cha China kivyake, hasara ni yako. Begi nalo vivyo hivyo: kwenye tiketi moja linakwenda moja kwa moja hadi Guangzhou, kwenye mbili unaweza kulazimika kulichukua njiani na kulipeleka kaunta upya. Kaunta ya KIA wakikubandikia karatasi ya begi, soma herufi tatu zilizoandikwa kubwa. Ziwe CAN. Zikiwa ADD, sema palepale kabla begi halijaondoka mbele ya macho yako.

Nitoke nyumbani saa ngapi ili niwahi KIA?

Fika uwanjani saa tatu kabla. Mashirika mengi hufunga kaunta dakika 60 kabla ya ndege kuondoka, na wakifunga wamefunga.

Kutoka Moshi ni kama kilomita 40, kupitia Kwa Sadala na Boma Ng'ombe, dakika 45 hadi saa moja. Kutoka Arusha mjini ni kama 50, na hapa ndipo penye mtihani. Hadi Tengeru barabara ni pana. Baada ya hapo ni Usa River, Maji ya Chai, Kikatiti, King'ori: matuta, malori, vibao vya 50, na trafiki wenye tochi wanaojua kabisa kwamba watu wa KIA wana haraka. Tenga saa moja na nusu, siku ya soko ongeza. Ukiwa na basi la Moshi utashushwa njia panda ya KIA, na kutoka pale hadi uwanjani kuna kilomita kadhaa za kuchukua bodaboda au teksi. Mtu wa begi moja la mgongoni anaweza. Mtu mwenye mabegi mawili makubwa akodi gari tangu nyumbani.

Tiketi yangu inasema "Arusha". Ni KIA au Kisongo?

Angalia herufi. JRO ni KIA. ARK ni uwanja wa Arusha ulioko Kisongo, upande wa magharibi wa mji, ambao ni wa ndege ndogo za ndani na za mbugani. Safari ya China inayoanzia KIA haiwezi kuwa ARK, lakini ukikata mwenyewe kipande cha kwenda Dar unaweza kujikuta umechagua Kisongo bila kujua. Viwanja hivi viko pande mbili tofauti za mji, hakuna kukimbizana kutoka kimoja hadi kingine.

Mama yangu ana miaka 68, hajawahi kupanda ndege. Ataweza saa kumi?

Wengi wanaweza, na wengi wanafurahia kuliko sisi. Omba kiti cha magurudumu wakati wa kukata tiketi, siyo siku ya safari. Ni bure, na faida yake kubwa si miguu, bali ni kwamba kuna mtu wa shirika anayemtoa ndege moja hadi nyingine pale Addis bila yeye kusoma kibao chochote. Mchagulie kiti cha upande wa njia ili asione aibu kuinuka. Ainuke kila baada ya saa mbili hivi, atembee, anywe maji, kwa sababu kukaa miguu ikining'inia saa nyingi kunaweza kugandisha damu. Kama ana kisukari, presha au amefanyiwa upasuaji karibuni, aonane kwanza na daktari wake, na dawa zote ziwe kwenye mkoba wa mkononi. Mwandikie pia namba yako kwenye karatasi. Simu huzima chaji.

Nitachukua siku ngapi kuzoea saa za kule?

Kwa kawaida mwili husogea kama saa moja kwa siku, na kwenda mashariki ni kugumu kuliko kurudi. Kwa hiyo siku tatu hadi tano. Siku ya kwanza usijilaze mchana hata kidogo, kaa juani, lala usiku wa kule. Na usipange kulipia bidhaa asubuhi ya kwanza. Saa tatu asubuhi ya Guangzhou kwa mwili wako ni saa kumi alfajiri, na hiyo si saa ya kujadili bei na mtu aliyelala vizuri.

Kutoka Baiyun hadi Xiaobei, mtaa wanakofikia Waafrika wengi, nifanyeje?

Uwanja uko kama kilomita 30 kaskazini mwa jiji. Treni ya chini ya ardhi inafika hadi uwanjani: panda laini ya 3, badilisha Jiahewanggang uingie laini ya 2, shuka Guangzhou Railway Station, kisha kituo kimoja tu kwa laini ya 5. Anayekwenda mtaa wa Sanyuanli hana haja ya laini ya 5, kwani kituo chake kiko kwenye laini ya 2. Ukitua usiku sana treni zimeshalala, chukua teksi ya foleni rasmi na uwe na anwani ya hoteli iliyoandikwa kwa Kichina. Achana na wanaokufuata ndani ya jengo.

Naenda Yiwu. Lazima nipite Guangzhou?

Hapana. Yiwu, mji wa masoko ya jumla, iko zaidi ya kilomita 900 kaskazini mashariki ya Guangzhou, ni ndege nyingine ya saa mbili hivi. Kama huna shughuli Guangzhou kabisa, tuulize njia ya Shanghai, kwa sababu kutoka pale Yiwu ni safari fupi ya treni. Kama utapanda ndege ya ndani, jua kwamba tangu tarehe 28 Juni 2025 China hairuhusu kwenye ndege zake za ndani benki ya umeme (power bank) isiyo na alama ya 3C, ile ya usalama ya China. Nyingi tunazonunua kwetu hazina alama hiyo.

Benki ya umeme niiweke wapi kwenye ndege ya kutoka KIA?

Mkononi, kamwe si kwenye begi la chini. Isizidi wati-saa 100, ambazo ni kama mAh 27,000 kwa zilizo nyingi.

Nikiwa kule, watu wa nyumbani watanipataje?

WhatsApp haifunguki kwenye intaneti ya kawaida ya China. Fungua WeChat, programu ya ujumbe ya Wachina, ukiwa bado Tanzania, na mtu mmoja nyumbani naye aifungue, kwa sababu kuisajili kunahitaji mara nyingine mtumiaji wa zamani akuthibitishe. Laini yako ya hapa ikiwashwa huduma ya nje ya nchi kwa kawaida hufungua WhatsApp, ila bando linaisha haraka. Kama wanataka tu kujua umetua, waachie namba ya ndege, zile herufi mbili na tarakimu, waiandike kwenye Google. Itawaonyesha imetua saa ngapi kwa saa za Guangzhou. Wao wataongeza moja.